Tulipokuwa Egemeo na Mvukizo

Jumamosi hii, saa tisa na nusu alasiri, nikiwa nasugua masufuria uani kwetu Ipuli, Kabula aliingia bila hodi, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaniambia, "Kesho asubuhi nakwenda Ulyankulu kwa baba. Shule basi."

Nilitaka kusema mambo mengi. Nikasema, "Haya."

Ndivyo nilivyo. Maneno hunijia mtu akishaondoka. Sasa ameondoka, mvua imetulia, mama yuko kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, na mimi nimekaa barazani na daftari hili kabla giza halijaingia. Ninyi tuliosoma pamoja shule ya msingi, mliomaliza la saba mwaka wetu, nawaandikia ninyi hata kama hamtasoma. Hakuna mwingine atakayeelewa nikisema kwamba Egemeo anaondoka.

Enzi zetu... Mama akinisikia nikisema "enzi zetu" hucheka mpaka kanga inamfunguka. "Enzi zenu zipi, Vero? Juzi tu nilikuwa nakufuta kamasi!" Ni kweli, nina miaka kumi na sita. Lakini nani kasema enzi lazima ziwe ndefu? Zipo zinazoisha mtu hata magego hayajamaliza kuota.

Enzi zetu, basi, darasa la tano, shule yetu haikuwa na maabara. Ilikuwa na kabati la sayansi. Ndani ya kabati kulikuwa na kipimajoto kilichopasuka, kipande cha sumaku, chupa isiyojulikana ilikuwa ya nini, na mjusi ambaye nadhani alikuwa na miaka mingi kazini kuliko mwalimu mkuu. Mwalimu Mihayo, aliyekuja kutufundisha sayansi, alikuwa kijana mrefu mwembamba, shati amechomekea, vumbi la chaki mpaka kwenye nyusi. Siku ya kwanza alilifungua lile kabati, akalitazama, akalifunga polepole kama mtu anayefunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

"Vifaa ni ninyi," akasema.

Halafu akatugawia maneno. Kila mtoto alipewa neno lake moja la sayansi akae nalo mwaka mzima. Asubuhi hakuita majina yetu ya ubatizo wala ya ukoo. Aliita, "Msuguano!" na mtoto anasimama: "Nipo, mwalimu! Mimi ni kani inayozuia kitu kimoja kuteleza juu ya kingine!" Aliita, "Ujazo!" na mwingine anasimama: "Nipo, mwalimu! Mimi ni nafasi inayochukuliwa na kitu!" Ukisahau maana yako, unaandikwa hukuja shule. Shija, yule bonge wa dawati la mbele aliyepewa Mzigo, aliandikwa mtoro wiki nzima huku tunamwona pale pale anatafuna karanga. Baba yake aliitwa shuleni kuulizwa mtoto anashinda wapi. Shija akalia, "Baba, nakuja kila siku, ila sijijui mimi ni nini!"

Mimi nilipewa Mvukizo. Mwalimu alieleza sababu mbele ya wote: "Huyu Veronika, ukigeuza shingo tu, hayupo." Darasa likaangua kicheko. Mimi ni mtu wa kuumia haraka, lakini siku ile sikuumia. Nilijifunza maana yangu nikiwa kitandani, kisimani, hata kanisani wakati wa mahubiri: mimi ni kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke, taratibu, bila kuchemka. Bila kuchemka. Nilipapenda hapo. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na jambo la kusema kuhusu mimi mwenyewe, na lilikuwa la kweli, na lilikuwa limeandikwa kwenye kitabu.

Kabula alikuwa Egemeo. Akiitwa, hakusimama tu, alipanda. Kidevu juu, mikono nyuma: "Nipo, mwalimu! Mimi ni sehemu isiyosogea, ambapo nyenzo hujiegemeza ili mzigo mkubwa uinuliwe kwa jitihada ndogo!" Alisema kama anayetangaza tarafa anayotawala. Kisha anaketi na kunikanyaga mguu chini ya dawati, ishara kwamba zamu yangu imekaribia, maana alijua bila kukanyagwa ningevukiza kweli.

Siku ya nyenzo Mwalimu aliomba ubao kwa mafundi waliokuwa wanaezeka paa la choo, akauweka juu ya jiwe nyuma ya darasa. Akamkalisha Shija upande mmoja, karibu na jiwe. Akaniita mimi, niliyekuwa na mwili wa kijiti cha kiberiti, nikae ncha ya pili, mbali kabisa. Kabula alipiga magoti katikati akishika jiwe lisiteleze, maana alisema hilo jiwe ni yeye. Nikakaa. Shija akapanda juu. Alipanda taratibu, macho yamemtoka, akishika ubao kwa mikono miwili na kupiga kelele, "Mama! Vero ananinyanyua!" Sijawahi tena kuwa na nguvu kama dakika ile.

Hali tatu za maada tulizifanyia uwanjani. Mwalimu akisema "Yabisi!" tunabanana bega kwa bega, hakuna kuondoka, ruhusa ni kutetemeka tu. "Kimiminika!" tunateleza kupita katikati ya wenzetu lakini vidole visiachane. Kisha anapiga makofi, na makofi ndiyo moto; yakizidi anasema "Gesi!" na hapo kila mtu anatimua mbio upande wake. Siku moja gesi ilivuka uzio, ikafika barabarani, ikamzunguka mama muuza mihogo ya kukaanga na haikurudi mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Mwalimu mkuu alitupanga mstari na fimbo yake mkononi, akamuuliza Kabula kwa nini tulitoroka. Kabula akajibu, "Mwalimu, gesi haina umbo maalumu, inajaza chombo chote ilichomo. Na chombo hakikuwa na mfuniko." Alichapwa mbili kwa jibu hilo. Mwalimu Mihayo aligeukia ukutani, mabega yanamtikisika.

Na nje ya darasa, nani alituambia tupumzike? Tulivunja redio mbovu tukatoa sumaku ya spika, tukaifunga uzi na kuiburuza kwenye mchanga karibu na reli, ikarudi imeota manyoya meusi ya unga wa chuma. Tulijaza maji kwenye balbu iliyoungua tukachoma karatasi kwa jua la saa saba. Tulisugua chanuo kwenye nywele tukainua vipande vya magazeti, wakati huo huo midomo imekuwa myekundu kwa matunda ya porini tuliyochuma tukirudi. Leo mdogo wangu Joeli anasoma shule ya Kiingereza, amevaa soksi ndefu, na simu ya mama haimtoki mkononi. Majuzi nilimwonyesha matone chini ya mfuniko wa sufuria ya wali, nikamuuliza yametoka wapi. Akatazama, akafikiri, akasema, "Mama hakuufuta vizuri." Ninyi darasa la tano letu, yule wetu aliyepewa Mtonesho, mvuke unaporudi kuwa matone, angezimia.

Lakini siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya ndoo.

Kabula aliishi, na mpaka leo hii jioni anaishi, na bibi yake mzaa mama, Bibi Nyanzala, jirani yetu wa karibu na kisima. Siku hiyo tulikuwa tumefundishwa kazi. Mwalimu alituambia kisayansi kazi ni kani mara umbali ambao kitu kimesogea kwa uelekeo wa kani hiyo. Kabula akauliza, je, mtu aliyesimama na mzigo kichwani? Mwalimu akasema hapo hakuna kazi, maana mzigo haujapanda wala kushuka. Na akitembea nao njia tambarare? Mwalimu akasema hata hapo, kuubeba tu si kazi. Kabula akaipeleka habari hiyo nyumbani mbichi kama ilivyo.

Kesho yake, kabla ya mapumziko, Bibi Nyanzala akasimama mlangoni mwa darasa, kanga ameifunga kiunoni kwa fundo la vita.

"Wewe ndiye Mihayo?"

"Ndiye mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Baba wa babu yangu alibeba pembe ya ndovu begani, toka hapa Unyanyembe mpaka pwani, akarudi, akaenda tena. Bega lake lilikuwa na nundu kama ngumi yangu hii. Jana mjukuu wangu ananiambia umesema yule mzee hakufanya kazi. Umesema?"

Mwalimu akaweka chaki chini. "Kisayansi, bibi, tunasema kwamba kama mzigo haujapanda..."

"Haya. Njoo nje."

Akatutuma mimi na Kabula kuleta ndoo ya maji ya kumwagilia maua, imejaa. Akamwambia Mwalimu, "Simama." Na Mwalimu Mihayo, nadhani hapa ndipo nilipompenda kuliko walimu wote, hakuita mtu wala hakukasirika. Alivua saa yake akampa Shija, akainama, akatwishwa ndoo. Akasimama. Shule nzima ilikuwa madirishani. Bibi alikaa kwenye ngazi, akatoa karanga kwenye pindo la kanga, akawa anamenya moja moja. Jasho lilianza kumtoka Mwalimu kwenye nyusi likachora njia kwenye chaki. Shingo ikaanza kucheza.

"Bibi, naomba nishushe."

"Kwani umechoka nini, mwanawane? Hujafanya kazi."

Tulicheka mpaka madarasa ya juu yakashindwa kuendelea na masomo. Mwalimu naye akacheka, maji yakamwagikia shati lote. Aliposhusha, akahema, akachuchumaa mbele ya Bibi pale kwenye ngazi.

"Bibi, sikiliza. Ndoo haikupata kitu kutoka kwangu, ilikuwa pale pale. Lakini mimi nimepoteza. Chakula nilichokula asubuhi kimeungua humu ndani ili misuli ikaze. Hiyo inaitwa nishati. Yule mzee alitumia nishati kila hatua mpaka pwani."

Bibi akaacha kumenya. "Nishati."

"Ndiyo, bibi."

"Kumbe ndiyo iliyommaliza. Maana alirudi mtu mzima, lakini ndani hakuna kitu, walisema." Akakung'uta maganda kwenye kanga. "Neno hilo umempa mtoto gani?"

"Bado sijaligawa."

"Nipe mimi."

Tangu siku hiyo orodha ya asubuhi iliishia kwa "Nishati!" na sisi wote kwa pamoja, "Yupo nyumbani, mwalimu, anapika!" Hakuna aliyejaribu kusema hakuja shule.

Mwalimu Mihayo alihamishiwa Igunga tukiwa darasa la sita. Tulimaliza la saba, tukafaulu wengi, tukagawanywa. Mimi na Kabula tukapangiwa sekondari moja, shule ya kata, na tukashona sketi kwa fundi mmoja, kitambaa kimoja. Tulifurahi sana. Tulidhani tunakwenda kujua zaidi.

Hapa ndipo furaha ya hadithi hii inapoishia, kwa hiyo asiyetaka huzuni aachie hapa.

Sekondari, vitu vyote tulivyovijua vilibadilishiwa majina kwa muda wa wiki chache za kuanza, halafu walimu wakaendelea mbele kama vile tumezaliwa na majina hayo. Fizikia kwa Kiingereza, kemia kwa Kiingereza, kila kitu. Somo la nyenzo lilipofika, mwalimu alichora ubao juu ya pembetatu, akauliza hapa panaitwaje. Kabula akasimama. Alipanda, kama zamani. Mikono nyuma. "Egemeo, mwalimu!"

Walicheka waliotoka shule nyingine. Mwalimu hakuwa mtu mbaya, alisema tu kwa upole Kiswahili hapa hakitumiki, keti. Lakini kulikuwa na kibao cha mbao, kimetobolewa na kutiwa kamba, na aliyekutwa anasema Kiswahili alikivaa shingoni mpaka amkamate mwingine. Kabula alikivaa siku hiyo. Hakumkamata mtu. Alirudi nacho nyumbani, Bibi akamuuliza hiyo ni nini, akamwambia ni cheo.

Mimi sikuwahi kukivaa. Ningekivaaje, wakati sikusema kwa lugha yoyote? Shule ile ilikuwa imetengenezwa kwa watu waoga kama mimi. Nilikariri. Nilikariri kama kwaya ya mama inavyoimba ule wimbo wa Kijerumani wakati wa Krismasi: sauti zote nne zinapatana, waumini wanalia, na hakuna hata mmoja anayejua tunamwambia Mungu nini. Kwenye mtihani wa kidato cha pili waliuliza maana ya mvukizo kwa Kiingereza chao. Nikaandika mstari mzima bila kosa, na ilikuwa ni jioni, naosha vyombo, nilipogundua kwamba nilikuwa nimeandika habari zangu mwenyewe.

Kabula alinisubiri bombani siku ile ya mtihani wa fizikia. Uso wake ulikuwa mweupe, umetulia, kama wa mtu aliyetoka kuoga.

"Nimejibu yote," akasema.

"Yote?"

"Yote. Kwa Kiswahili."

Nilikaa chini, pale pale kwenye matope.

"Karatasi ilikuwa inaniuliza vitu ninavyovijua, Vero," akasema. "Ningeirudisha tupu kama mjinga?"

Na kemia akafanya hivyo hivyo, na baiolojia, na jiografia. Hakuna msahihishaji wa kulaumiwa, sheria inajulikana. Matokeo yalipotoka mwezi huu wa kwanza, mimi nilikuwa na alama nzuri mpaka mama akachinja kuku. Kabula alitakiwa kurudia darasa. Vijana wanaokaa mbele ya duka la vocha wakawa wakimwona wanasimama mstari: "Profesa, shikamoo! Tufundishe Kiswahili, Profesa!" Yeye anaitikia, "Marahaba, someni kwa bidii," na kupita. Nilikuwa nyuma yake siku moja. Aliitikia vizuri sana. Ila mkono wake ulikuwa umekunja pindo la sketi.

Baba yake analima tumbaku kule Ulyankulu. Alipiga simu, na Bibi aliweka sauti kubwa kwa hiyo wote tulisikia: "Mwanangu, mimi sikukatazi. Ukitaka kurudia, rudia, nafasi yako ipo. Ukitaka kuja, njoo, majani yanaiva na mikono haitoshi. Amua mwenyewe." Ningefurahi kama angekuwa baba mbaya. Ningekuwa na mtu wa kumchukia.

Basi ndiyo leo. Baada ya "Haya" yangu, Kabula alichukua kipande cha steliwaya, akaanza kusugua sufuria pamoja nami.

"Bibi anasemaje?" nikauliza.

"Anasema kurudia darasa siyo kufa. Nimemwambia aende yeye, akakae dawati moja na Joeli."

"Joeli yuko la nne."

"Kwa ninavyokwenda mimi, tutakutana tu."

Tukacheka. Kisha tukaacha.

"Nitakufundisha Kiingereza," nikasema. Nilisema chini chini mpaka nikadhani ni sufuria peke yake lililonisikia.

Kabula hakuinua macho. "Na mimi nitakufundisha nini?"

Hakusema kwa ubaya. Aliuliza kweli. Tangu tukiwa wadogo hatujawahi kupeana kitu cha upande mmoja. Akinipa miwa nampa karanga, nikimsuka nywele ananichotea maji. Kujua kulikuwa kwake, kunyamaza kulikuwa kwangu, na tuligawana. Alisuuza sufuria, akaliinamisha ukutani likauke, akasema basi la asubuhi linaondoka mapema, akaenda.

Na sasa hivi, baada ya kuandika kurasa zote hizi, jibu limekuja. Angenifundisha maana. Mimi nina alama, sina kingine. Ukiniambia nieleze kile nilichokiandika kwenye mtihani ule, kwa maneno yangu, kwa lugha yoyote, sitaweza hata nusu. Kidato cha tatu kinaanza keshokutwa na najua nitaanguka, sioni tu ni lini. Jibu ni hilo, na ni la kweli, na lingetosha kumbakiza, maana Kabula hajawahi kumwacha mtu asiyeelewa. Kesho nitakwenda stendi nimwambie. Nitasema kwa sauti. Mungu nisaidie nisiseme "Haya."

Jumapili. Naongeza haya.

Nilikwenda. Nilimwambia mama nitatangulia ibadani, nikapita njia ya stendi, mvua nyembamba inanyesha. Basi lilikuwa limejaa tayari, injini inaunguruma, magunia yanafungwa juu. Kabula alikuwa dirishani upande wa pili, begi mapajani. Konda akaniuliza, "Dada, Ulyankulu? Panda, kuna nafasi moja." Nikatikisa kichwa, nikazunguka basi mpaka chini ya dirisha lake.

"Kabula."

"Mvukizo! Umeonekana."

"Sijui kitu," nikasema.

"Nini? Sema kwa nguvu, injini hii."

Nikapaza sauti. Mimi. Stendi nzima. "Nimefaulu lakini sijui kitu! Nimekariri tu! Ukiondoka nani atanieleza?"

Mama mmoja ndani ya basi, kuku mapajani, akasema, "Mtoto wa watu ana nini huyu?" Wapiga debe wakageuka. Kabula alinitazama. Niliona amesikia, niliona limeingia mpaka chini. Mkono wake ukashika kamba ya begi. Nikadhani anasimama.

"Ungesema jana," akasema.

"Jana nilikuwa sijalijua."

"Jana usiku baba ameshalipia kipande cha shamba cha kunipa mimi, Vero. Bibi ameshalia, ameshamaliza. Mimi nimeshaamka nimekubali." Akajifuta uso kwa kiganja. "Nikishuka sasa, kesho nitavaa kile kibao tena. Siwezi. Kwako ningeweza kueleza. Kule darasani siwezi tena kusimama."

"Basi nani atanieleza?"

"Muulize Shija."

"Shija anaendesha bodaboda."

"Ndiyo hivyo," akasema Kabula, na wote wawili tukacheka, na basi likarudi nyuma, likageuka, likaenda.

Enzi zetu mtu akiitwa asubuhi na asiitikie, darasa zima lilijua ni neno gani limepungua, na masomo hayakuendelea mpaka tujue yuko wapi. Jumatatu mwalimu ataita majina ya kidato cha tatu, la Kabula halitakuwemo, na hakuna atakayegeuza kichwa. Watoto wa leo hawana hata cha kukosa. Labda wana bahati.

Sikwenda ibadani. Nilipita kisimani, nikachota ndoo, nikaipeleka kwa Bibi Nyanzala, kwa sababu kuanzia leo hakuna wa kumchotea. Alikuwa jikoni, mgongo mlangoni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Ameondoka?"

"Ameondoka."

"Alikula huko stendi?"

"Sijui, bibi."

"Hapa hakula." Akageuka na bakuli la uji wa karanga, limefunikwa na sahani, la Kabula. Utando ulikuwa umeshafanyika juu. Alitaka kulirudisha motoni, akaghairi, akanisogezea kigoda kwa mguu. "Keti. Chakula hakitupwi."

Nikamimina maji mtungini. Kisha nikaketi, nikala.